Matairi Niliyochagua Mimi, Gari Aliloendesha Mwingine

Siku mliponiaga pale karakana, mmoja wenu aliniuliza ni gari gani nitalikumbuka kuliko yote. Nikajibu haraka kuwa ni lile lori la mbao la Mafinga lililokuwa halifiki kwetu bila pancha, nanyi mkacheka. Jibu hilo lilitosha kwa siku ile, maana soda zilikuwa zinapata moto. Jibu lenyewe hasa ni refu. Ni gari dogo la kijani, la viti viwili, la mashindano kwa umbo ingawa halikushindana na mtu, ambalo kwa misimu miwili ya masika nililichagulia matairi mimi na likaendeshwa na mwingine. Ninaandika habari zake kwa sababu zina mambo ya kazi yatakayowafaa mvua zikianza. Yasiyo ya kazi yatajipenyeza yenyewe, yavumilieni.

Nilianza kazi mwanzoni mwa miaka ya sabini, katika gereji iliyokuwa Ipogolo, chini ya kilima cha Iringa, karibu na mto. Barabara ya kwenda Mbeya hadi Zambia ilikuwa inawekwa lami kipande kwa kipande. Lori lilikuwa likija kwetu nusu moja ya safari limekanyaga matope na nusu nyingine limekanyaga lami, na matairi yake hayakujua yafuate desturi ya wapi.

Mkubwa wetu alikuwa Mzee Chaula, Mkinga mfupi mwenye mikono kama koleo. Siku yangu ya kwanza hakunipa spana. Alinipa tairi bovu, akaniambia nikae nalo mpaka chakula cha mchana, kisha nimweleze.

Mchana nikamwambia, "Mzee, limekwisha."

"Hata mama yako huko Kalenga angejua limekwisha. Mimi nimekuuliza limekwishaje?"

Nikarudi kukaa nalo. Hivyo ndivyo nilivyojifunza kwamba tairi lililolika katikati lilijazwa upepo kupita kiasi, lililolika mabegani lilinyimwa upepo, na lililolika upande mmoja linasingiziwa kosa la vyuma vya usukani. Mengine niliyapata mwenyewe katika vijitabu vya Kiingereza vilivyokuwa vikija na matairi mapya, ambavyo wenzangu walifungia karanga. Shule yangu iliishia darasa la nane, hivyo nilivisoma kwa kamusi ya kuazima parokiani, polepole, kila neno mara mbili. Polepole ilinifaa. Ninayaamini zaidi mambo niliyoyapata kwa shida.

Ambakisye alikuja mwaka uliofuata, fundi na dereva wa gereji. Alikuwa Mnyakyusa wa Tukuyu, aliyekuwa akiendesha malori ya chai huko ambako mvua haisubiri masika. Mke wake alilima Uyole, yeye akawa anaishi Iringa na kwenda kwao mwisho wa mwezi. Asubuhi ya kwanza alisimama katikati ya uwanja wa gereji, akasikiliza, akasema kwa sauti, kwa utani ule wa kale kwamba sisi Wahehe tunakula mbwa:

"Watani zangu Wahehe, mbona sisikii mbwa?"

"Walikusikia ukiongea," nikamjibu, "wakaona hawana kazi tena."

Alicheka mpaka akashika boneti. Kuanzia hapo aliniita mtani, na mimi nikaanza kumwonea wivu, kwa maana kwa mzaha ule mmoja tu, uliokuwa wangu, watu wote wa gereji walimpenda yeye.

Naye alijua kuendesha. Sina namna ya kuandika vinginevyo. Mvua ikinyesha alivua viatu, akafuta nyayo kwa kitambaa kikavu, akaendesha pekupeku ili kiatu chenye maji kisimteleze kwenye pedali. Akirudi, hakuuliza kipimo cha upepo. Alizunguka gari na kuweka kiganja juu ya kila tairi, akasema, "La kushoto nyuma lina homa." Mimi nikileta kipimo ninakuta ni kweli, upepo umepungua, tairi limejikunja na kupata joto.

Alikuwa na udhaifu mmoja tu, nao tuliuchekea sana. Hakuweza kuendeshwa. Enzi za ujana wake lori alilopanda lilipinduka mtoni, na si yeye aliyekuwa kwenye usukani. Tangu hapo, akikaa kiti cha abiria alikanyaga breki isiyokuwepo. Mkeka wa upande huo katika pikapu ya gereji ulitoboka kwa sababu ya mguu wake. Kwenye basi la kwenda kwao alisimama mlangoni, karibu na dereva, mpaka Uyole, viti vikiwa vitupu.

Gari la kijani lilikuwa la Mama Eleni, Mgiriki, mjane wa mkulima wa tumbaku upande wa Ifunda. Alilinunua kwa mhandisi mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Alituamkia "Kamwene" kwa lafudhi safi kuliko ya baadhi ya Wahehe wa mjini, akasema maisha yake yote ya ndoa amerushwarushwa ndani ya Land Rover, sasa lami imefika naye anataka kukaa chini na kwenda mbio. Gari lilikuwa chini kweli. Ukikaa ndani, mkono ungeweza kuokota changarawe.

Alitaka fundi mmoja wa kulitunza na kumfundisha kuliendesha masika. Akatupima wawili, mimi na Ambakisye. Kila mmoja alimpeleka juu mjini na kumrudisha Ipogolo. Nilipoendesha mimi nilimweleza kila kitu: kwa nini injini ya mbele inayosukuma magurudumu ya nyuma hutaka kutupa mkia, kwa nini kona huingiwa polepole ili itokwe haraka. Alipoendesha Ambakisye, alimuuliza habari za tumbaku.

Waliporudi Mama Eleni akanyoosha kidole. "Huyu."

Kisha akanigeukia, akaniambia kwa upole, na upole ule ndio uliouma: "Wewe unajua sana, fundi Gaude. Lakini ukiendesha naona kama niko darasani. Wewe utaangalia matairi."

Akampa Ambakisye glavu za ngozi za marehemu mumewe, zenye vitundu vidogo mgongoni. Ambakisye alizichomeka kwenye mkanda wake na hakuzivaa hata siku moja. Mimi ningezivaa.

Tangu siku hiyo nilitaka kitu kimoja: kuliendesha gari lile juu ya lami, mvua ikinyesha, na Ambakisye akiwa pembeni ananitazama. Nilitaka aone. Mwanamume mwenye mke na shamba hapaswi kuhangaishwa na jambo kama hilo, lakini nilihangaika.

Sasa tufike kwenye matairi. Masika ilipokaribia, Ambakisye alimshauri Mama Eleni hivi: "Mama, tuweke matairi ya meno makubwa, yale ya matope. Halafu mvua ikianza, tunasimama, tunapunguza upepo kidogo. Gari litashika ardhi."

Vijana, msimcheke. Kila dereva wa nyanda hizi alifanya hivyo. Kwenye udongo ni sahihi: tairi lenye upepo kidogo hujitandaza, meno huzama kwenye tope na kupata pa kukamata. Ndiyo maana masika ilipofika tulikuwa tukikuta madereva wameinama kandokando ya lami mpya, kila mmoja na kijiti kwenye valvu, upepo unalia. Barabara ilikuwa imebadilika lakini mikono bado ilikuwa Tukuyu.

Nikasema, "Mama, lami haina tope la kuchimba. Maji yanakaa juu. Meno makubwa yanagusa kidogo, na tairi laini linabonyea katikati na kupanda juu ya maji kama trei. Gari jepesi kama hili litaelea."

"Umeliona wapi likielea, mtani?" Ambakisye akaniuliza, bila ubaya.

"Nimesoma."

Mama Eleni alimtazama aliyesoma, akamtazama aliyeendesha malori kwenye matope, akachagua kama ambavyo hata nyinyi mngechagua. Nikayafunga matairi ya meno kwa mikono yangu mwenyewe. Niliyafunga vizuri. Kazi ni kazi.

Mvua ya kwanza waliondoka kwenda Ifunda. Walirudi mapema mno, gari likiwa na majani yamekwama kwenye bampa. Mama Eleni alishuka akijaribu kuwasha sigara, kiberiti kikamshinda.

"Tumepita Tanangozi, kwenye kona," akasema. "Tulikuwa tunakwenda Ifunda. Mara tukawa tunakwenda Iringa. Hatukugeuza."

Gari lilikuwa limezunguka lote na kusimama kwenye majani, salama, likitazama lilikotoka. Nilifurahi. Furaha yangu ilidumu mpaka Ambakisye alipofungua mdomo. Mbele ya Mzee Chaula na wote akasema:

"Mtani alisema. Nikambishia. Usukani ulikuwa mwepesi ghafla, kama nimeshika sahani. Haya, funga unayotaka wewe."

Alisema kama mtu anayerudisha spana aliyoazima. Mimi, kama ningekosea hivyo, ningekaa juma zima natafuta maneno. Nikamwonea wivu hata namna yake ya kukosea.

Niliyofunga ni haya, na sababu zake, maana gari dogo la mbio likija kwenu masika mtaulizwa. Nilikataa tairi pana. Pana hupendeza, lakini linabeba maji mengi zaidi chini yake. Nilitafuta rediali, tairi za aina mpya wakati ule, nyembamba, zenye mifereji mirefu inayozunguka tairi zima, pamoja na mikato midogo ya kutoa maji pembeni. Wakati huo matairi yalikuwa adimu, na ya kipimo kile hayakuwepo Iringa kabisa. Dereva mmoja wa malori ya Zambia aliniletea manne, ya gari la kawaida la familia. Mama Eleni alilalamika kwamba gari limevaa viatu vya mwalimu. Nikamwambia mwalimu haanguki.

Matairi manne yawe ya aina moja. Usichanganye rediali na ya zamani, hasa si kwenye ekseli moja, kwa kuwa kila aina huitikia usukani kwa wakati wake. Yakianza kutofautiana kwa kulika, yenye mifereji ya kina zaidi yaende nyuma. Wateja watabisha, watasema mbele ndiko kwenye usukani. Waelezeni kwamba mbele likiteleza gari linagoma kukata kona, nawe unaweza kupunguza mwendo. Nyuma likiteleza unageuka kutazama ulikotoka. Upepo upimwe asubuhi tairi likiwa baridi, na mvua isiwe sababu ya kuupunguza. Niliongeza kidogo sana kuliko kijitabu kilivyosema, ili uso wa tairi ukaze na kuyakata maji.

Kuhusu kuendesha, Ambakisye na mimi tulikubaliana, ingawa yeye aliyajua kwa nyayo na mimi kwa kamusi. Mvua ya dakika za kwanza baada ya kiangazi ndiyo mbaya kuliko zote, maana vumbi na mafuta ya malori hugeuka sabuni. Fuata alama za magurudumu ya aliyetangulia, yeye ameshakufagilia maji. Breki imalizwe kabla ya kona. Usukani ukiwa mwepesi ghafla, usikanyage breki na usikate. Ondoa mguu taratibu, subiri, tairi litashuka lenyewe.

Kwa matairi yale Ambakisye alikuwa mtu mwingine. Alipita Mafinga kwenye mvua kubwa malori yakiwa yamesimama. Watu wa vituo vya njiani walianza kumjua. "Yule dereva wa Mama Eleni," walisema. Sikuwahi kusikia mtu akisema, "Yule fundi tairi wa Mama Eleni." Matairi hayaonekani. Gari likienda vizuri, watu humtazama mwenye usukani. Likianguka, ndipo hutazama matairi. Hili nawaambia mapema msije mkalitambua mkiwa na umri wangu.

Masika ya pili Mama Eleni aliamua kuondoka nchini. Gari akaliuza kwa bwana mmoja wa Mbeya, mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Akaja kutuaga.

"Ambakisye utalipeleka. Na Gaude aende naye," akasema, "na jeki."

Nikapanda, na jeki.

Tuliondoka asubuhi jua likiwaka, turubai la paa limekunjwa. Tulipofika Makambako, mbele yetu anga ya Usangu ilikuwa nyeusi kama sufuria. Ambakisye alisimamisha gari kandokando, tukavuta turubai juu na kulifunga vifungo. Kisha akazunguka upande wangu, akafungua mlango.

"Shuka. Endesha wewe."

"Kwa nini?"

"Nina usingizi."

"Ambakisye, mvua hiyo inakuja."

"Naiona. Mimi si kipofu, nina usingizi." Akazichomoa glavu kwenye mkanda, akanirushia. "Na hizi, kama unazitaka. Umezitazama mwaka mzima."

Nikakaa kwenye usukani. Nilivua viatu, nikafuta nyayo. Nikavaa glavu. Tulianza kuteremka kuelekea Igawa, na kabla ya bonde mvua ikatushika. Nilivua glavu mapema. Zilikuwa nzuri, lakini zilinizuia kusikia gari.

Sijaendesha vile kabla wala baada. Maji yalikuwa yanatembea juu ya lami kwa mawimbi, waipa zinasukuma tu. Nilifuata alama za lori mpaka nikalipita, nikahisi matairi ya mbele yanakata, yanakata, kama mkasi kwenye khanga mpya. Kabla ya Chimala usukani ulilegea mara moja. Niliondoa mguu, nikasubiri, likashuka. Lilifanya yale yale niliyoyasoma, kwa mpangilio ule ule, na mikono yangu ilikuwa tayari imeshafanya kabla sijakumbuka ukurasa. Nikageuka kumtazama Ambakisye, nione kama ameona.

Alikuwa amelala.

Kichwa kwenye turubai, mdomo wazi, miguu ameinyoosha. Nikapiga honi, nikijisingizia ng'ombe. Hakuamka. Igurusi nikaingia kona ya daraja kwa mwendo ambao ungemfanya yeyote aseme neno, nikatoka kama niko kwenye reli. Akakoroma. Nikapanda milima ya Inyala kwenye ukungu, nikabadili gia bila gari kushtuka hata kidogo, nami nikiwa na hasira kama mtu aliyeimba vizuri kwenye ukumbi mtupu. Ile siku niliyoingoja nilikuwa nimeipata yote, mvua, lami, usukani, na yeye pembeni, na mtu huyo alikuwa amelala njia nzima.

Aliamka tulipoingia uwanjani kwa yule mnunuzi, mjini Mbeya. Akajinyoosha, akashuka upande wa abiria, mkavu, amepumzika. Mnunuzi akamwendea yeye na kumshika mkono kwa heshima.

"Karibu sana, bwana. Poleni na mvua." Kisha akanitazama mimi, pekupeku, jasho linanitoka. "Dereva naye apewe chai nyuma huko."

Ambakisye hakumsahihisha mara moja. Alizunguka gari kwanza, akaweka kiganja juu ya kila tairi, yote manne. Ndipo akasema, "Huyo ndiye fundi wake. Mimi nimeletwa." Mnunuzi alicheka akidhani ni mzaha. Kabla chai haijaisha walikuwa wamekubaliana Ambakisye abaki Mbeya, alitunze gari na kuliendesha. Kwake Uyole palikuwa karibu. Lilikuwa jambo la maana kabisa. Nilipongeza. Pongezi zangu zilikuwa fupi.

Basi la Iringa lilikuwa la kesho yake, hivyo nilikwenda naye Uyole. Mke wake, Mama Tusa, alitupokea kwa ndizi na maziwa ya mgando. Ambakisye alipotoka kwenda kuonana na jirani, Mama Tusa akaniuliza habari za njiani, nami nikamwaga yote, nusu kwa mzaha.

"Shemeji, mume wako amenichosha. Nimeendesha kwenye mvua kubwa kutoka Makambako, yeye amelala kama gunia."

Mkono wake ukasimama juu ya sufuria. "Nani amelala?"

"Ambakisye."

"Ndani ya gari?"

"Mpaka Mbeya."

"Wewe ukiendesha?"

"Mimi nikiendesha."

Kisha akafunua sufuria, akaniongezea ndizi bila kuniuliza, nyingi, kama mtu anayeongeza chakula kwa mgeni aliyemdhania mdogo.

"Shemeji," akasema, "huyu hata kaka yangu akimwendesha hapa mpaka sokoni, anakaa ameshika mlango."

Asubuhi Ambakisye alinisindikiza stendi. Nilitaka kumwambia kitu kuhusu usingizi ule, nikashindwa kukipanga. Yeye akasema tu, "Mtani, wasalimie mbwa," akaondoka. Mpaka leo gari lile nikilikumbuka nalikumbuka likiwa kwake, na wivu bado uko palepale.

Nilipanda basi. Mvua ilikuwa bado inanyesha Usangu, na matairi ya basi, niliyoyakagua kabla ya kupanda, yalikuwa mazuri. Kiti kilikuwa kizuri, cha dirishani. Nilifumba macho kila baada ya mlima na kuyafumbua kila kona, mguu wangu ukikanyaga sakafu. Nimeendeshwa na watu wengi tangu wakati huo, wengine wao ni nyinyi, na wengine hodari. Sijapata bado wa kunilaza. Hilo nalo Ambakisye amenishinda: yeye alimpata.